Moyo ukisimama, anayewahi ni jirani: uzi kwa wanaotaka kujitolea kama wahudumu wa kwanza

Mwenye uzi

Habari za saa hizi wanajamvi. Kila mchezaji anapoanguka uwanjani, maswali yanayoletwa humu ni yale yale: mbona huyu kapona na yule kafa? Mbona walimkandamiza kifua vile? Ile mashine wanayokimbia nayo ni ya nini? Nimeona nifungue uzi mmoja nieleze ninachokijua, kisha tuulizane.

Mimi ni Mtanzania, naishi vijijini Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Ni eneo pana la mashamba, vijiji vimetawanyika na magari ya wagonjwa yana safari ndefu. Huko, tangu mwaka 1970, madaktari wa vijijini walianza kujitolea kukimbilia wagonjwa wa dharura kupitia shirika la LIVES, na baadaye watu wa kawaida wakaingizwa kwenye kazi hiyo: wakulima, walimu, wenye maduka, wastaafu. Ndiyo kazi ninayojitolea. Mtu akipiga 999, namba ya dharura ya huku, kutoka karibu na ninapokaa, na ikaonekana mgonjwa amepoteza fahamu au hapumui, kituo kinatuma ambulansi na papo hapo kinaniita mimi. Nachukua begi la vifaa, naendesha gari langu, na mara nyingi nakuwa nimepiga magoti pembeni ya mgonjwa kabla king'ora hakijasikika. Sina mshahara. Si daktari, si nesi.

Turudi kwenye tatizo lenyewe. Kuna mshtuko wa moyo, ambapo mshipa unaopeleka damu kwenye msuli wa moyo umeziba. Huyo mara nyingi yuko macho, anatoka jasho, anakwambia kifua kinabana. Na kuna moyo kusimama ghafla. Huyu haongei, haitiki, hapumui kawaida. La kwanza linaweza kuleta la pili, lakini si kitu kimoja. Katika kusimama ghafla, moyo mara nyingi haujanyamaza kabisa. Umeme wake umevurugika, unatetemeka ovyo na hausukumi damu. Ubongo unaanza kuharibika ndani ya dakika chache. Kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala kupigwa umeme wa mashine (AED, ile wanayokimbia nayo uwanjani), uwezekano wa kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10.

Sasa piga hesabu. Uingereza ina barabara nzuri, magari yenye vifaa na wahudumu waliosomea, na bado lengo lao kwa simu za hatari kubwa ni kufika kwa wastani wa dakika 7. Ongeza muda wa mtu kushangaa, kutafuta simu, kueleza alipo. Ndiyo maana hata kule, kati ya watu zaidi ya 30,000 wanaojaribiwa kuokolewa kila mwaka nje ya hospitali nchini England, anayepona hafiki mmoja kati ya kumi. Ambulansi peke yake haiwezi kushinda mbio hizi, iwe ya nchi tajiri au maskini. Anayeweza kuzishinda ni yule aliye karibu: mke, mfanyakazi mwenzako, jirani, dereva wa boda aliyeegesha pale kona. Hoja yangu ni kwamba huyo jirani asiachiwe bahati. Afundishwe, ajulikane alipo, aitwe, apewe kifaa, na baada ya hapo atunzwe.

Kwa wapenzi wa mpira. Tarehe 26 Juni 2003, mjini Lyon, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka katikati ya uwanja, nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia, hakuna aliyemgusa. Alifariki. Tarehe 17 Machi 2012, Fabrice Muamba, kijana mzaliwa wa Kinshasa, alianguka akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Walianza kumkandamiza kifua palepale kwenye nyasi, wakampiga umeme mara nyingi, na daktari bingwa wa moyo aliyekuwa jukwaani kama shabiki tu, Andrew Deaner, akashuka kusaidia. Moyo wa Muamba ulikaa dakika 78 bila kudunda wenyewe. Yuko hai. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 mbele ya macho ya dunia. Miezi michache baadaye alikuwa anacheza Ligi Kuu ya England.

Ulizeni, nitajibu nikipata nafasi.

Nesi wa Temeke

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi nipo kazini idara ya dharura. Wanaoletwa kwetu moyo umesimama, wengi wanakuja na bajaji au gari la jirani, wamekalishwa kiti cha nyuma, shingo imelala begani kwa ndugu. Ukiuliza mlimfanyia nini njiani, wanasema tulimpepea, tulimmwagia maji. Nusu saa nzima. Nauliza kwa nia njema: hapa kwetu bila mashine na bila gari la wagonjwa, kumfundisha mtu wa mtaani CPR, yaani kukandamiza kifua na kupulizia pumzi, kunasaidia nini hasa?

Mwenye uzi

Dada, hilo ndilo swali gumu kuliko yote, na sitaki kulipamba.

Mikono haiamshi moyo unaotetemeka. Mikono inausukumia ubongo damu kidogo ili usife wakati mashine inakuja. Kama mashine haiji kabisa, mtu mzima aliyesimama moyo kwa sababu ya ugonjwa wa moyo ana nafasi ndogo sana. Anayewafundisha watu kwamba CPR pekee itamrudisha baba anawajengea maumivu ya baadaye.

Ila si kila moyo unasimama kwa sababu ya moyo. Kuna aliyezama. Kuna mtoto aliyepaliwa na kipande cha muhogo. Kuna fundi aliyenaswa na umeme. Kuna aliyepigwa radi, na kule Kanda ya Ziwa si habari ya nadra. Hawa shida yao ya kwanza mara nyingi ni pumzi, mwili wenyewe ulikuwa mzima dakika tano zilizopita, na wengi ni vijana. Kwa hawa, pumzi na mikono ya mtu aliye pale pale vinaweza kumrudisha kabla mashine yoyote haijatajwa. Kwa hiyo kama ningepewa kupanga, Tanzania nisingeanza kwa kutundika mashine ukutani kila mtaa. Ningeanza na wavuvi, vijana wa fukweni, waangalizi wa mabwawa ya kuogelea ya hoteli na shule, mafundi umeme, walimu wa chekechea. Halafu mashine ziwekwe mahali penye watu wengi na mlinzi wa kuzitunza: viwanja vya mpira, viwanja vya ndege, vituo vya mwendokasi, bandarini kwenye boti za Zanzibar.

Na tusiseme mafunzo mepesi hayana matokeo kwetu. Wewe uko kwenye fani, unaijua programu ya kufundisha wakunga kuwapumulisha watoto wachanga kwa mdoli na mfuko wa kupumulishia. Matokeo yake katika hospitali 8 za Tanzania yalichapishwa mwaka 2013: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kwa asilimia 47. Ni mdoli, mfuko, na mazoezi ya kurudiarudia. Waliotengeneza mdoli ule ni Laerdal wa Stavanger, Norway, ndio hao hao waliotoa mdoli wa kwanza wa kufundishia CPR mwaka 1960. Norway ikaingiza somo hilo shuleni tangu 1961.

Kuhusu bajaji: mtu aliyesimama moyo akikalishwa, kifua hakikandamiziki. Alazwe chali, chini, pagumu. Mmoja aanze kifua, mwingine atafute gari. Gari likifika, liwe na sakafu ya kumlaza, Noah iliyoondolewa viti au pikapu, na mtu aendelee kukandamiza njiani kadiri anavyoweza. Si salama sana na si nzuri kama kufanyia chini, lakini ni bora kuliko kumkalisha na kumpepea.

Kijana wa Kisumu

Hapa Kenya mambo si tofauti sana. Mimi ni mtu wa boda. Nilipata mafunzo ya huduma ya kwanza ya siku chache, wakatuonyesha CPR kwa mdoli. Tatizo ni kwamba baada ya hapo hakuna mtu anakuita. Ajali ikitokea mtaa wa pili mimi nasikia kesho yake. Sasa huko ulaya mnaitwaje?

Mwenye uzi

Ndugu yangu wa Kisumu, umegusa penyewe. Mafunzo bila mwito huishia kwenye cheti kilichotundikwa sebuleni.

Nieleze njia tatu zilizopo. Ya kwanza ni hii ninayofanya: watu wachache wa eneo, wamechujwa na kufundishwa zaidi, wana begi. Unapokuwa huru unajisajili kwamba uko zamu, kituo cha 999 kinakuona kwenye ramani yao. Huruhusiwi ving'ora wala kukimbiza gari. Taa nyekundu unasimama kama mtu mwingine. Faida yako ni ukaribu tu. Na ambulansi inatumwa kila mara, wewe si mbadala wake.

Ya pili ni ya umma mpana. Denmark walianza eneo la Copenhagen mwaka 2017 na baadaye ikaenea nchi nzima. Yeyote mwenye umri wa kutosha anayejua CPR anapakua programu kwenye simu. Moyo wa mtu ukisimama, kituo kinawaita watu hadi 20 walio karibu. Wengine wanaelekezwa moja kwa moja kwa mgonjwa, wengine wanaambiwa wapitie kwanza kuchukua mashine ya AED iliyo karibu. Nampenda sana aliyewaza kugawa kazi namna ile, maana kosa la kawaida ni watu kumi kufika mikono mitupu.

Stockholm walipima jambo hili kisayansi, matokeo yakatoka 2015: pale watu waliojitolea walipoitwa kwa simu zao, wagonjwa waliokandamizwa kifua kabla ya ambulansi walikuwa asilimia 62, na pale wasipoitwa asilimia 48. Utafiti ule haukuwa mkubwa wa kutosha kuthibitisha tofauti ya waliopona. Lakini mwaka huo huo Wasweden walionyesha kwa takwimu za miaka mingi kwamba aliyeanziwa CPR kabla ya ambulansi alipona kwa asilimia 10.5, asiyeanziwa asilimia 4.

Ya tatu ni sauti ya simu yenyewe. Anayepokea simu ya dharura anamwelekeza mpigaji: weka simu spika, piga magoti, weka mikono hapa, hesabu nami. Jimbo la Washington huko Marekani, eneo la Seattle, walifanya hivi tangu miaka ya 1980. Hii haihitaji programu wala begi. Inahitaji mpokea simu aliyefundishwa na namba moja ambayo watu wanaiamini.

Na kwetu mwito upo tayari, umeelekezwa kwingine tu. Tanzania tuna m-mama: mjamzito akipata dharura, watu wanapiga 115 bure, kituo kinatafuta ambulansi, na kama haipo kinamwita dereva wa kawaida wa eneo aliyesajiliwa, naye analipwa kwa simu. Angalia uti wa mgongo wake: namba moja, orodha ya watu wanaojulikana walipo, mtu wa kupanga, malipo ya mafuta. Hicho ndicho unacholalamikia kukosa, ndugu yangu. Kama kimewezekana kwa mama mjamzito wa kijijini, kinawezekana kwa aliyezama.

Baharia wa Nungwi

Shikamooni wakubwa. Umetaja waliozama. Huku kwetu akitolewa majini tunamlaza kifudifudi tunamkamua tumbo maji yatoke, wengine wanamning'iniza miguu juu. Nimeona wakifanya hivyo tangu utoto. Mnasemaje?

Mwenye uzi

Marahaba, na asante kwa kuuliza wazi.

Acheni kukamua tumbo. Maji yanayotoka pale ni ya tumboni, si ya mapafuni, na yakipanda na chakula yanaingia njia ya hewa yakaongeza balaa. Kila sekunde ya kumning'iniza ni sekunde anakosa hewa.

Aliyezama alikufa kwa kukosa pumzi, basi mpe pumzi kwanza. Mtoeni majini, mlazeni chali pagumu, kwenye ubao wa ngalawa au mchanga ulioshikana. Inua kidevu, kichwa kirudi nyuma kidogo. Kama hapumui, bana pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, pulizia hadi uone kifua kinapanda. Mara tano. Halafu kifua: kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, mikono imenyooka, shindilia 30, pulizia 2, endelea hivyo. Povu likitoka mdomoni usipoteze muda kulifuta kila mara. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha, mrudishe, endelea. Na akizinduka apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa, maana mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kumgeuka saa chache baadaye.

Kama kuna watu wa kwanza ninaotamani wafundishwe pwani yote kuanzia Lamu hadi Mtwara, ni ninyi. Ninyi ndio mnaofika.

Mama wa Bukoba

Mimi naomba uandike hatua kwa mtu wa kawaida, nyumbani, mtu mzima ameanguka. Na tunajuaje kwamba ni moyo na si kifafa au kuzirai? Mume wangu ana presha, nalala kwa wasiwasi.

Mwenye uzi

Pole mama, na ni vizuri umeuliza mapema. Karibu visa 8 kati ya 10 vya moyo kusimama Uingereza hutokea nyumbani, kwa hiyo anayeokolewa mara nyingi ni wa kwako mwenyewe.

Mwite kwa nguvu, mtikise mabega. Haitiki? Angalia kifua. Hapa ndipo watu wengi wanapotea, nawaomba msome taratibu. Dakika za kwanza baada ya moyo kusimama, mtu anaweza kuendelea kuvuta hewa kwa kushtukashtuka: anakoroma, anatoa mlio, anafungua mdomo kama anayetafuta hewa, kisha kimya kirefu, kisha tena. Watu wanasema "anapumua huyo", wanamwacha. Ile si pumzi. Pia anaweza kukakamaa na kutetemeka kwa muda mfupi mwanzoni, watu wakasema kifafa, wakaanza kutafuta kijiko cha kumwekea mdomoni. Mwenye kifafa degedege likiisha anapumua, kifua kinapanda na kushuka kwa mpangilio. Kanuni tunayofundishwa ni fupi: haitiki na hapumui kawaida, anza. Usipoteze muda kutafuta mapigo shingoni.

Piga kelele ya msaada, mtu apige simu. Mlaze chini, si kitandani. Godoro linameza nguvu yako. Kiganja katikati ya kifua, shindilia chini sentimita 5 hadi 6, kwa mtu mzima ni kwenda chini kweli kweli, kisha achia kifua kirudi chote juu. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mara mbili kwa kila sekunde. Kama hutaki au hujui kupulizia, shindilia tu bila kusimama; kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla inatosha sana. Utachoka haraka kuliko unavyofikiri, hivyo mpokezane kila baada ya dakika mbili, wa pili awe tayari amepiga magoti upande wa pili ili pasiwe na pengo.

Utasikia mbavu zinavunjika. Hutokea mara nyingi, hasa kwa wazee. Usiache. Mbavu zinaunga.

Mashine ikiwepo: iwashe, itaongea. Vua nguo za kifua, kausha jasho, bandika pedi moja kifuani upande wa kulia, chini ya mtulinga, nyingine ubavu wa kushoto chini ya kwapa. Yenyewe inasoma moyo, na haitapiga umeme kama hauhitajiki. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna anayemgusa inapopiga, kisha kurudi kifuani mara moja bila kungoja kuona kama ameamka.

Na kwa mume wako: presha ipimwe, dawa zisirukwe siku anapojisikia vizuri. Hilo litamsaidia kuliko uzi wowote.

Binti wa Mombasa

Naomba kuuliza jambo ambalo watu huona haya. Mgonjwa akiwa mwanamke, na waliopo ni wanaume wasio maharimu wake? Huku mtu anaweza kuogopa hata kumgusa.

Mwenye uzi

Umefanya vyema kuliuliza, kwa sababu hofu hiyo ipo duniani kote. Tafiti za Marekani na kwingineko zinaonyesha wanawake wanaoanguka hadharani hukandamizwa kifua mara chache kuliko wanaume. Wanakufa kwa haya ya wengine.

CPR inawezekana juu ya nguo. Kwa mashine, pedi lazima zigusane na ngozi, basi nguo ifunguliwe au ikatwe pale zinapokaa tu, na wanawake waliopo wasimame kumzunguka, wamkinge kwa kanga au shuka. Nimeshiriki mafunzo ambapo tulifanya zoezi hili na akina mama wa Kisomali wa jirani. Wao ndio waliotuonyesha namna ya kushika shuka ili mtu afanye kazi bila kubanwa. Katika dini zetu kuokoa uhai kuna uzito wake, na ningependa masheikh na wachungaji walitamke hili msikitini na kanisani waziwazi, kwa sababu mtu hatajifunza ruhusa hiyo dakika ile mwanamke amelala chini.

Mdau wa Dodoma

Suala la sheria. Ukimgusa mtu akafa mikononi mwako, polisi watakuuliza wewe. Na hospitali wanadai PF3, ile fomu ya polisi.

Mwenye uzi

PF3 ni ya majeruhi, aliyepata ajali au kupigwa. Mtu aliyeanguka kwa maradhi si mhusika. Hofu ya kuulizwa naielewa, na inaua. England walitunga sheria mwaka 2015 inayoitaka mahakama izingatie kwamba mtu alikuwa anasaidia kwa nia njema wakati wa dharura. Ningependa wanasheria wa humu watusaidie kuandika pendekezo la namna hiyo kwa wabunge wetu, likiwa na maneno yanayoeleweka na askari wa kituo cha kata. Kwa sasa, unapomkuta mtu haitiki na hapumui, hali yake haiwezi kuwa mbaya zaidi ya hapo. Ita watu wawe mashahidi, piga simu, anza.

Nesi wa Temeke

Nirudi tena. Wewe binafsi unabebaje vifo? Sisi tuna wenzetu kazini. Ninyi mnarudi nyumbani kupika ugali.

Mwenye uzi

Nashukuru umeuliza, maana kwenye mabango ya kuhamasisha watu wajitolee hili haliandikwi.

Wengi tunaowakimbilia hawarudi. Unaingia nyumba ya mtu usiyemjua, televisheni inaendelea kuongea, mke wake yuko mlangoni anakutazama mikono. Unafanya kazi yako, ambulansi inafika, wanaendelea, kisha mkubwa wao anatazama saa na kusema tumefanya tuliyoweza. Wao wanakwenda kwenye simu nyingine. Wewe ni jirani, unabaki. Mara nyingi kazi yangu ya maana inaanza hapo: kumfunika marehemu vizuri, kumuuliza mama jina la mtoto wake wa kumpigia, kukaa naye mpaka afike mtu. Kuna wajane wanaonisalimia sokoni hadi leo, na hatuzungumzii siku ile, tunazungumzia mboga.

Mpango mzuri una mtu wa kukupigia simu kesho yake kuuliza unaendeleaje, na unakuruhusu kujitoa zamu bila kuhojiwa. Ukiona mpango wa kujitolea unaogawa begi na koti lakini hauna mtu huyo, usijiunge, au jiunge na uwe wewe wa kwanza kulidai. Watu wa kujitolea huacha si kwa sababu ya damu. Huacha kwa sababu walibeba peke yao. Kwa boda wetu wa Kisumu na mabaharia wa Nungwi hili ni muhimu zaidi, kwa kuwa watakuwa wanawaokoa watu wanaowajua kwa majina.

Kuna pia mgonjwa ambaye hapaswi kuanziwa kabisa: mzee wa saratani aliyekubaliana na daktari wake kuwa moyo ukisimama aachwe aende. Uingereza kuna fomu maalumu inayowekwa nyumbani. Familia ikinionyesha, naweka begi chini na kushika mkono. Nayo ni huduma.

Kijana wa Kisumu

Sasa tuanzie wapi? Tuko boda kama thelathini kwenye stage yetu. Hatuna pesa ya mashine.

Mwenye uzi

Anzeni na kilichopo. Tafuteni tawi la Msalaba Mwekundu au St John hapo mjini kwenu, mfundishwe wote thelathini, si viongozi wawili. Mdoli wakiwa nao mmoja, ombeni mrudi kila baada ya miezi michache. Mikono husahau upesi kina na mwendo. Katikati ya hapo fanyeni mazoezi kwenye mto ulioshindiliwa nguo, kwa saa ya simu, dakika mbili mbili, mkipokezana. Mtashangaa nani anachoka.

Pili, kundi la WhatsApp la dharura tu. Lisiwe na salamu wala matangazo ya misiba, vinginevyo watu watalizima sauti. Ujumbe uwe na mahali, alama ya karibu inayojulikana na kila mtu, na namba ya aliyepo kwa mgonjwa. Anayejibu aseme "naenda", na wa pili aseme "naleta gari". Gawaneni kazi kabla ya siku hiyo, kama wale Wadenmark.

Tatu, nendeni kwa mganga mkuu wa hospitali iliyo karibu mkajitambulishe. Muulize ni nani apigiwe simu mkiwa njiani ili mlango uwe wazi na kitanda kiwe tayari. Nesi wetu hapo juu anajua tofauti inayoletwa na simu hiyo moja.

Mashine msiikimbilie. Hapa Uingereza inauzwa pauni 800 hadi 1,500 hivi, na si kununua tu: pedi zinaisha muda, betri zinakufa, na lazima mtu aikague. Vijiji vya huku vimechukua vile vibanda vyekundu vya simu ambavyo havitumiki tena, kampuni ya simu inaviachia kwa pauni moja, wanaweka mashine ndani, na kuna mwanakijiji mwenye jukumu la kuitazama kila wiki. Mkifika huko, mkipata mfadhili, swali la kwanza kumuuliza ni nani atalipia pedi mwaka wa tatu.

Niandikie inbox jina la mji wenu, kuna mkufunzi ninayemfahamu upande wa Nyanza aliyekubali kusaidia kwa nauli tu. Na baharia wa Nungwi, wewe pia. Kwenu tutaanza na pumzi tano.